Nenda Ukasumbue Watu

Isaiah Opondo alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto huenda nayo shule za bweni. Alikuwa ameyatengeneza kwa miaka ishirini na sita katika karakana za jua kali za Eldoret, na kila Januari, mji ulipojaa watoto wa kidato cha kwanza na wazazi wao, angeweza kusimama kando ya barabara akaitambua kazi yake kwa mlio tu wa bawaba. Jirani yake wa kazi alikuwa Gerishon Mungai, mtengenezaji wa majiko. Nyundo zilikuwa zimewaharibia masikio wote wawili. Gerishon aliongea kwa kupayuka, hata akiagiza chai. Isaiah aliongea kwa sauti ya chini siku zote, kama mtu aliye katika nyumba yenye mgonjwa, na mara nyingi alianza na samahani.

Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti Gerishon alimwona akikata bati jipya, akashangaa.

"Opondo! Sanduku Agosti? Shule gani inafunguliwa?"

"Samahani, si la kuuza. Ni la Ayoo. Jumatatu anaripoti chuo."

"Chuo kikuu? Na sanduku?" Gerishon aliweka nyundo chini ili acheke vizuri. "Wewe mtu! Watoto wa chuo siku hizi wana masutikesi ya magurudumu, yanawafuata nyuma kama mbwa. Akifika na hilo, mlinzi wa geti atamwambia amepotea, sekondari iko ng'ambo ile."

"Atazoea."

"Na hili bati ni la unene gani? Opondo, hili si ni la tangi la maji?"

"Ndiyo," Isaiah alisema, akaendelea kukata.

Alikunja kingo mara mbili mahali ambapo fundi mwingine angekunja mara moja. Aliweka bawaba tatu badala ya mbili. Kazi ilipokaribia kwisha, alikilaza kifuniko juu ya kipande cha reli, akaandika kwa chaki tarakimu kumi za namba yake ya simu, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akachukua msumari wa inchi nne akaanza kuitoboa ile namba, nukta kwa nukta, ili isifutike hata rangi ikichakaa.

Gerishon aliitazama namba ikijitokeza. Msumari ulipofika tarakimu ya tano alikuwa ameacha kucheka. Alirudi kwenye majiko yake, kwa maana alijua.

Odera, kifungua mimba wa Isaiah, alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, akiishi katika chumba cha kupanga kule Kesses kama wanafunzi wengine wengi. Novemba iliyopita alishikwa na kikohozi. Alikohoa siku tisa. Katika siku hizo alipiga simu nyumbani mara mbili: mara ya kwanza aliuliza kama paa la jikoni bado linavuja, mara ya pili alimwuliza mama yake kama kuku wametaga. Juu ya kikohozi hakusema kitu. Ijumaa alifunga mlango akalala. Jumapili jioni mwanafunzi aliyetaka kuazima chaja ndiye aliyeusukuma mlango huo. Simu ya Odera ilikuwa na nywila, na katika ploti nzima ile ya vyumba vya kupanga hakuna aliyejua ni mtoto wa nani. Isaiah alipata habari Jumanne mchana, akiwa kibandani, nyundo mkononi. Daktari alisema ni homa ya mapafu.

Tangu siku hiyo Isaiah alikuwa akiwaza jambo moja tu. Jumapili hadi Jumanne mwanawe alilala chumba cha maiti bila jina la baba. Laiti namba ingekuwa mahali fulani. Ukutani. Ndani ya kiatu. Popote. Na sasa Ayoo, mtoto wa pili, ambaye ndiye pekee aliyebaki, alikuwa ameitwa chuo kile kile. Isaiah alikuwa ameapa kwamba safari hii namba itakuwepo, hata kipofu aweze kuisoma kwa vidole.

Lakini nyumbani kwake Kiplombe hawakuwa wamekubaliana kwamba Ayoo ataenda popote.

Jumamosi kaka mkubwa wa Isaiah, Johnstone, aliwasili kutoka Ugenya na mfuko wa njugu na ujumbe. Johnstone alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alizungumza na watu kana kwamba wamepanga mistari mbele yake uwanjani. Alikaa kwenye kiti cha Isaiah.

"Mimi sikatazi," alisema. "Nauliza tu. Kaburi la Odera halijapigwa saruji. Kumbukumbu ya mwaka ni Novemba. Nyumbani watu wanauliza, inakuwaje dada yake avae viatu vipya aende kule kule, kabla hata nyasi hazijaota vizuri?"

"Watu gani?" Isaiah aliuliza.

"Watu."

"Samahani, kaka. Wana majina?"

"Usinifanyie hivyo, Isaiah. Chuo kinaruhusu mtu kuahirisha mwaka mmoja. Nimeuliza. Sasa mtoto akingoja mwaka mmoja ata..." Alilikata neno katikati, na wote wakaangalia njugu.

Selpha Apondi, mke wa Isaiah, ndiye aliyekuwa akizimenya. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mwenye mikono ya nguvu, na tangu Novemba alikuwa amepunguza maneno yake hadi yale ya lazima.

"Mimi nilishasema," alisema bila kuinua kichwa. "Barabara ile siipandi tena, na mtoto wangu haipandi. Kuna vyuo vya kompyuta hapa mjini. Atasoma, jioni atarudi nimwone."

"Jumatatu anaenda," Isaiah alisema.

"Utampeleka peke yako?"

"Nitampeleka peke yangu."

"Kama ulivyoenda kumchukua Odera peke yako." Selpha aliivunja njugu. "Hukutaka kunisumbua kazini. Ulisema hivyo. Mtoto wangu amelala mochari, na wewe hutaki kunisumbua."

Ilikuwa kweli.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao: tusisumbue watu. Isaiah alikua nayo, mtoto wa mwisho wa mjane aliyelelewa kwa hisani ya wengine. Siku Selpha aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili, alfajiri, jirani mwenye pikapu alikuwa bado amelala, na Isaiah aliona vibaya kumwamsha. Wakatembea. Mtoto akazaliwa kando ya barabara akaitwa Ayoo, wa njiani. Kabla mtoto huyo hajaanza kutembea, nchi ikachafuka baada ya uchaguzi, na familia ikakaa wiki tatu katika ua wa kanisa. Waliporudi waliikuta nyumba yao imesimama. Jirani yule yule wa pikapu alikuwa amewazuia vijana waliokuja na moto, akawaambia, "Hao waacheni. Hao hawasumbui mtu."

Isaiah hakuyasahau maneno hayo. Aliyashika kama mtu anavyoshika hati ya shamba. Redio chini. Ukigombezwa, nyamaza. Chumvi ikiisha kwenu, kuleni bila chumvi. "Tuko hapa kwa sababu hatusumbui mtu," aliwaambia watoto, na Odera aliielewa sheria hiyo mapema akaishika vizuri kuliko hata baba yake.

Ayoo hakuishika hata kidogo. Isaiah alikuwa ameitwa shuleni kwake mara tatu. Mara ya kwanza, Ayoo alikuwa amemwambia mwalimu wa hisabati kwamba amekosea ubaoni, na kweli alikuwa amekosea. Mara ya pili ilikuwa ni maharagwe yenye wadudu, ambayo aliyabeba kwenye sahani hadi mezani kwa mwalimu mkuu. Ya tatu Isaiah hakuelezwa vizuri, wala hakuuliza. Mara zote tatu aliomba msamaha, kofia mkononi, akarudi nyumbani amejikunja kwa aibu.

Jumapili baada ya kanisa sanduku lilifika kwa mkokoteni, limepakwa rangi ya samawati, ukingoni nyeusi. Ayoo alitoka nje akalizunguka.

"Baba, hili ni sanduku ama ni benki?"

"Gonga uone."

Alilipiga ngumi ubavuni nalo likalia kama kengele. Akacheka. Alikuwa amelipenda, Isaiah aliliona hilo, na kwa muda mfupi moyo wake ulikuwa mwepesi. Kisha Ayoo akakiona kifuniko. Alipitisha kidole juu ya nukta, polepole, kutoka sifuri ya kwanza hadi mwisho.

"Hii ni nini?"

"Ni namba yangu."

"Namba yako naijua. Nauliza hii ni ya nani."

"Ni ya... ya mtu yeyote. Mtu akitaka kutupata."

"Akitaka kuwapata lini, Baba?"

Isaiah alisugua rangi iliyokuwa imekauka kwenye kidole chake.

"Sema tu. Lini? Mimi nikiwa hai nitampa mtu namba yako mwenyewe. Nina mdomo. Hii ni ya mtu ambaye hana mdomo tena." Sauti yake ilipanda, na mlango wa jirani ukafunguka kidogo. "Umenitengenezea sanduku la kurudishiwa nalo nyumbani!"

"Ayoo!" Johnstone alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. "Chunga ulimi. Huyo ni baba yako."

"Baba Mkubwa, tafadhali, wacha nimalize. Nisiposema leo sitasema tena." Alimgeukia tena Isaiah. "Kama namba ingekuwa ukutani kwa Odera, ungepata habari Jumapili badala ya Jumanne. Basi. Hizo siku mbili tu. Yeye angekuwa amekufa vile vile."

Selpha alitoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama.

"Pale kwa mazishi walisimama watu kumi na mmoja," Ayoo aliendelea. "Nilihesabu. Wote walisema kitu kimoja. Pasta, wewe Baba Mkubwa, yule kijana wa darasa lake. Odera alikuwa mtoto mzuri, hakuwahi kumsumbua mtu. Na nyinyi wote mnatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi nilitaka kupiga kelele. Si hiyo ndiyo ilimuua? Ile ploti ilikuwa na vyumba kumi na vinane. Kumi na vinane! Ukuta wenyewe ni wa mbao. Angegonga tu! Amekohoa siku tisa, anaogopa kuamsha mtu ampeleke hospitali, anatupigia simu anauliza kuhusu kuku. Kuku, Baba!"

Mwenye mkokoteni, aliyekuwa akingoja maji ya kunywa, aliona afadhali aende na kiu yake.

"Naenda Jumatatu," Ayoo alisema, sasa kwa utulivu. "Sitangoja Novemba, na sitasoma kompyuta mjini. Lakini na hiyo namba siendi. Afadhali nibebe nguo zangu kwa gunia."

Isaiah alifungua kinywa aseme samahani, kama kawaida yake, lakini neno halikuja. Aliangalia kazi ya mikono yake. Kingo za mara mbili, bawaba tatu, namba ambayo hata kipofu angeisoma. Miezi tisa alikuwa ameiwazia namba hiyo na hakuona kwamba alikuwa akijitengenezea yeye mwenyewe, ili asichelewe mara ya pili. Haikuwa ya kumsaidia mtoto kuishi. Na kuhusu kuishi, jambo pekee aliloweza kukumbuka kuwafundisha watoto wake ni kunyamaza.

Selpha ndiye aliyesogea kwanza. Alimkaribia binti yake kama mtu anayekwenda kununua ng'ombe, akimkagua.

"Ukikohoa?" aliuliza.

"Nitakupigia simu."

"Siku ya kwanza ama ya tisa?"

"Ya kwanza, Mama."

"Nikiwa kazini, sufuria ziko motoni?"

"Nitapiga mpaka ugali uungue."

"Nisiposhika?"

"Nitampigia Baba. Asiposhika nampigia Baba Mkubwa. Naye asiposhika nitagonga mlango wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nitapiga mayowe kwa korido mpaka mtu atoke aniulize kwa nini sina adabu."

"Na wakikuambia wewe ni msichana wa kusumbua watu?"

"Nitawaambia ndiyo, ndiye mimi."

Selpha aliitikia kwa kichwa. Kisha akauelekeza mwiko kwa Johnstone. "Shemeji, umesikia? Simu yako iwe na chaji."

"Yangu ni kabambe, ile ya vitufe," Johnstone alisema, akaigusa mfukoni bila kutaka. "Inakaa wiki nzima. Lakini Selpha, fikiria. Watu watasema hamkumpa marehemu heshima. Watasema—"

"Waje waseme hapa. Nitawapikia chai, niwakatie mkate, waketi, waseme huku nawaangalia usoni." Aliupiga mwiko kiganjani. "Heshima nilimpa. Nilimfulia, nikamvalisha, nikamzika bila kupiga kelele hata kidogo, ili waombolezaji wasisumbuke. Nimemaliza heshima. Huyu anaenda shule, na mimi mwenyewe nitampandisha hiyo barabara."

Johnstone alikuwa ameongoza shule kwa miaka kumi na saba, na aliweza kutambua mkutano uliokwisha. Alikunywa chai yake yote, akapangusa mdomo. "Basi sanduku lijazwe vizuri," alisema kwa ukali. "Msiweke sabuni pamoja na unga. Nimeona watoto wengi wakila ugali wa sabuni."

Lakini sanduku halikujazwa siku hiyo, kwa sababu ya kifuniko. Nukta zilizopigwa kwa msumari hazifutiki. Isaiah alikuwa amehakikisha hilo.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya mahindi ya Kiplombe, Isaiah alitoa kipande cha bati kilichokuwa kimebaki, akaketi katikati ya ua, akaanza kutengeneza kifuniko kipya. Katika maisha yake yote hapo hakuwahi kupiga nyundo nyumbani. Ploti ilikuwa na familia sita, na bati nene, asubuhi tulivu, halina siri. Pigo la kwanza lilimshtua yeye mwenyewe. Mkono wake ukasita hewani. Mahali fulani mtoto mchanga alianza kulia.

Isaiah alipiga tena. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Mlango wa tatu ulifunguka akatoka Antony, dereva wa lori ambaye alikuwa ameingia nyumbani alfajiri hiyo hiyo. Alikuwa na shuka mabegani na hasira usoni. Alipoona ni nani, hasira ikachanganyikana na mshangao.

"Baba Odera? Ni wewe? Nilidhani ni wezi wanavunja nyumba."

"Ni mimi."

"Kuna nini?"

Neno la samahani lilifika hadi kwenye meno ya Isaiah, akalimeza. "Binti yangu anaenda chuo kikuu!" alisema, kwa sauti ambayo hakujua anayo. Ilitoka ikiwa na mikwaruzo, kama mashine iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. "Leo! Kesses! Anaenda kusoma ualimu wa hisabati!"

Milango mingine miwili ikafunguka.

"Sasa ndiyo unatuamsha sote?" mama mmoja aliuliza, mtoto mgongoni.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo tufanye nini?"

Isaiah hakuwa amefika huko katika mawazo yake. Alitazama bati, akamtazama Antony. "Shika huku," alisema. "Linarukaruka. Nikunje upande huu."

Antony alisimama pale na shuka lake, kama mtu anayetafuta tusi linalofaa. Kisha akachuchumaa, akashika. Mama mwenye mtoto akasema kama ni hivyo basi ataweka chai, maana usingizi ndio huo umeenda. Ilipofika saa moja na nusu kifuniko kilikuwa kimefungwa, kitupu, bila rangi hata, kinang'aa. Kile cha zamani Selpha alikitupa juu ya banda la kuku mahali ambapo mvua ilikuwa ikiingia, akaweka jiwe juu yake.

Gerishon alikuja na pikapu aliyoazima kwa shemeji yake. Alikitazama kifuniko, akamtazama Isaiah, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijaribu kunong'ona. "Umeitoa." Ploti nzima ilimsikia.

Njiani Selpha alikaa mbele, mikono magotini, macho barabarani, na walipofika Kesses kwenye njia inayokata kuelekea vyumba vya kupanga, hakugeuza uso. Alisema tu, "Ni pale," kwa sauti ya kawaida, na Ayoo akasema, "Ndiyo, Mama, ni pale," na gari likaendelea.

Chumba cha Ayoo kilikuwa ghorofa ya tatu ya hosteli ya wasichana. Siku hiyo wazazi walikuwa wameruhusiwa kupanda, na ngazi zilikuwa zimejaa masutikesi yale yale aliyoyasema Gerishon. Sanduku la samawati lilipanda katikati yao kama fahali anayepelekwa mnadani, likigonga kila kona, na kila kona ikitoa mwangwi. Msichana mmoja mwenye miwani ya jua alisimama kando akacheka.

"Aki hiyo ni ya form one?"

"Ni ya baba yangu, ameiunda mwenyewe," Ayoo alisema akihema. "Unaitwa nani?"

"Diana."

"Diana, shika huko nyuma. Ni nzito."

Diana aliangalia kucha zake, akaangalia sanduku, na kabla hajapata sababu ya kukataa alikuwa amelishika. Kufikia ghorofa ya tatu alikuwa akitoa amri. "Inua! Inua, Mzee, si hivyo, utavunja mguu wangu!"

Walipolifikisha chumba cha kumi na nne, Selpha aliweka chini kikapu cha chapati na chupa ya chai, lakini hakukaa. Alifunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka kwenye korido, akaanza na mlango wa kwanza.

"Mama, unaenda wapi?" Ayoo aliuliza.

"Kusumbua watu."

Aligonga. Mlango ulipofunguliwa alisema, "Mimi ni mama yake Ayoo, wa kumi na nne. Usipomwona siku nzima, gonga. Akikataa kufungua, piga teke. Na wewe unaitwa nani? Nani anakujulia hali wewe?" Kisha akaenda wa pili, akasema hayo hayo. Ayoo alijifunika uso kwa mikono. "Naenda kufa na aibu," alisema, kisha akasikia alichokisema, akamtazama baba yake, na wote wawili wakaangalia pembeni, midomo ikiwatetemeka kwa kicheko ambacho hakikuwa na adabu kabisa.

"Nenda upange vitu," Isaiah alimwambia. "Mimi namsaidia mama yako upande huu."

Alisema bila kufikiri, na sasa alikuwa amesimama peke yake mbele ya mlango wa kumi na saba. Aliinua mkono, akagonga kwa ncha za vidole, kama alivyozoea. Hakuna aliyejibu. Lakini viatu vilikuwa nje, na dirishani kulikuwa na taulo iliyolowa. Kulikuwa na mtu.

Selpha alikuwa ameshafika mwisho wa korido. Mtu angeweza kuuacha mlango huo. Huenda aliye ndani amelala, huenda hataki wageni, huenda ni jambo lisilomhusu mzee kutoka Kiplombe. Isaiah aliyawaza hayo yote, moja baada ya jingine, na miguu yake ilianza kugeuka. Kisha akaikaza. Akakunja ngumi, akagonga kama anavyogonga bati.

"Wewe uliye ndani! Fungua!"

Kimya.

"Siondoki hapa! Fungua!"

Kitanda kililia. Miguu iliburuta sakafuni. Mlango ulifunguka kidogo, na msichana mwembamba, nywele zimelala upande mmoja, alichungulia akiwa amejifunika blanketi.

"Mzee, nini? Kuna moto?"

"Hakuna moto. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala, ndiyo. Tumesafiri kutoka jana. Wewe ni nani?"

"Mimi ni baba ya msichana wa kumi na nne." Isaiah alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mara mbili. "Uko mzima?"

Msichana alimkodolea macho. "Niko poa."

"Poa namna gani? Umekula?"

"Bado," msichana alisema, na kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo tangu ashuke kwenye basi, akaongeza, "sijui hata wanauza wapi chakula."

"Ayoo!" Isaiah aliita. Sauti yake ilijaza korido yote, ikashuka ngazi, ikawakuta wazazi wa ghorofa ya pili wakiinua vichwa. "Ayoo! Lete chapati huku chumba cha kumi na saba! Na chai! Haraka!"

Milango minne ikafunguka kuona ni nani anayepiga kelele namna hiyo.